Saul Hertz, Tabibu wa Kadiri

Tangu chuoni twafunzwa kuwa Mwenyezi Mungu amekiumba kila kitu kwa kadiri yake. Tabibu mmoja wa Kimarekani, aliyeishi maisha mafupi, ametuachia dawa ambayo ikikosa kadiri haimfai mgonjwa.

Daktari Saul Hertz alizaliwa mwaka 1905 mjini Cleveland, kwa wazazi Mayahudi waliohamia Marekani kutoka Poland. Alisomea udaktari Harvard, kisha akasimamia matibabu ya tezi ya shingo katika hospitali kuu ya Massachusetts, Boston. Wagonjwa wake walikuwa na tezi zilizofanya kazi kupita kiasi: moyo wawaenda mbio, mikono yatetemeka, mwili wakonda, macho yawatoka. Wengi wao hawakuwa na njia ila kisu.

Tarehe 12 Novemba, 1936, Hertz alimsikiliza mwanasayansi Karl Compton akieleza habari za miale. Kwa kuwa alijua tezi hiyo huivuta iodini kuliko kiungo kingine chochote, aliuliza iwapo iodini yaweza kutiwa miale. Akajibiwa kuwa yawezekana. Mwaka 1937 yeye na mwanafizikia Arthur Roberts wakaanza kwa sungura. Na tarehe 31 Machi, 1941, akamnywesha mgonjwa wa kwanza.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Rovu la huyu ni kubwa, la yule ni dogo. Tezi moja huishika dawa, nyingine huiachia upesi. Miale ikipungua, maradhi husalia. Ikizidi, tezi hufa na mgonjwa humeza vidonge maisha yake yote. Basi wakaupima mkojo kwa chombo cha Geiger, wapate kujua miale iliyobaki mwilini.

Mwaka 1943 vita vilimwita Hertz katika jeshi la majini, na mwenzake, Daktari Earle Chapman, akaendelea na tiba hiyo. Mwezi Mei, 1946, jarida la madaktari wa Marekani likachapisha taarifa zao mbili pamoja, na sifa ikagawanyika. Hertz alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 1950, umri wake miaka 45.

Leo kuna mashine zinazopiga picha za miale ndani ya mwili na kuihesabu kiungo kwa kiungo. Hata hivyo, hospitali nyingi zingali zikitoa kipimo kimoja kwa wote. Swali la marehemu lingaliko: mgonjwa huyu, kwa tezi yake hii, apewe kiasi gani?