Edel Quinn: Mgonjwa aliyewaonyesha walei njia ya kumkaribia Mungu

Katika parokia za Kitui na Makueni, ambako vigango hutenganishwa na mwendo mrefu na padri hafiki kila mahali kila Jumapili, imani ya wengi hulelewa na walei wenyewe. Katekista, jumuiya ndogo ndogo na vyama vya kitume ndio hubeba mzigo huo. Miongoni mwa vyama hivyo ni Lejio ya Maria, kilichoenezwa Afrika Mashariki na mwanamke mlei kutoka Ireland, Edel Quinn, aliyefariki jijini Nairobi mwaka wa 1944 akiwa na umri wa miaka 36.

Chama hicho kisichanganywe na Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mapema katika miaka ya 1960.

Edel alizaliwa Septemba 14, 1907 katika kaunti ya Cork. Babake alikuwa mfanyakazi wa benki na familia ilihamahama kufuata kazi yake. Mambo ya fedha yalipoharibika nyumbani, binti huyo alilazimika kuacha masomo na kuajiriwa kama karani mjini Dublin ili kuwasaidia wazazi na ndugu zake. Akiwa na umri wa takriban miaka 20 alijiunga na Lejio ya Maria, iliyokuwa imeanzishwa mjini humo na Frank Duff mnamo Septemba 7, 1921. Baada ya muda mfupi alikabidhiwa uongozi wa kikundi kilichowatembelea wanawake waliojiuza barabarani.

Hata hivyo, nia yake ilikuwa nyingine. Alitaka kuingia katika monasteri ya Waklara Maskini, watawa wanaoishi ndani ya kuta kwa sala, ukimya na mfungo. Kwa ajili ya nia hiyo alikataa posa ya mwajiri wake. Mnamo 1932, alipokuwa karibu kuingia utawani, aligunduliwa kuwa na kifua kikuu kilichokwisha kuenea. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa ya kuuponya. Alikaa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kwa takriban miezi 18, kisha akatoka bila kupona. Mlango wa monasteri ulikuwa umefungwa.

Hapo ndipo maisha yake yanapomgusa kila mwamini anayedhani kwamba kumkaribia Mungu ni kazi ya mapadri, watawa na wenye nafasi. Edel hakuwa na monasteri wala afya. Alibaki na Misa ya kila siku, rozari, na kazi ya utume aliyopangiwa kila wiki. Katika hayo matatu alijenga maisha ya sala ambayo kuta za utawa hazikumpa.

Mwaka wa 1936, Askofu John Heffernan aliomba Lejio imtume mjumbe Afrika Mashariki. Heffernan aliongoza Vikarieti ya Kitume ya Zanzibar, ambayo wakati huo ilijumuisha Nairobi na sehemu kubwa ya Ukambani. Wengine waliona kwamba kumtuma Edel ni kumpeleka kaburini. Yeye mwenyewe aliomba aruhusiwe, na akaruhusiwa. Alitia nanga Mombasa mwishoni mwa Novemba mwaka huo.

Kutoka Nairobi alisafiri kwa gari kuukuu katika barabara za vumbi na matope, akipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na hata kisiwa cha Mauritius. Wakati ambapo Nairobi iligawanywa kwa rangi, aliunda vikundi vya Waafrika, Wagoa na Wazungu. Utaratibu ulikuwa ule ule kwa wote: mkutano wa kila wiki, rozari, somo la kiroho, taarifa ya kazi iliyofanywa, kisha wanachama kutoka wawili wawili kuwatembelea wagonjwa, wapweke na walioiacha imani. Sala ilimtuma mtu kwa jirani, na jirani akamrudisha kwenye sala.

Siku zile, aliyetaka kupokea Komunyo hakuruhusiwa kula wala kunywa, hata maji, tangu usiku wa manane. Kwa msafiri mwenye mapafu mabovu sharti hilo lilikuwa zito, lakini Edel hakupenda kuikosa Ekaristi.

Mwaka wa 1941 alizidiwa akiwa Nyasaland, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Wengi walitarajia kwamba angebaki huko. Alirejea Kenya mnamo 1943, akiwa amekonda na akichoka upesi, akaendelea na kazi kadiri ya nguvu zake hadi alipofariki Mei 12, 1944.

Alizikwa katika makaburi ya wamishonari huko Mtakatifu Austin, Nairobi, karibu na Askofu Joseph Shanahan aliyekuwa amezikwa hapo miezi michache awali. Shanahan ndiye aliyewatia moyo mapadri walioanzisha Shirika la Mtakatifu Patrick la Kiltegan mwaka wa 1932, na ni wamishonari wa shirika hilo waliokabidhiwa Kitui ilipofanywa eneo la kitume mnamo 1956. Mmoja wao, William Dunne, akawa askofu wa kwanza wa jimbo hilo. Makueni nayo ilihudumiwa na Jimbo la Machakos tangu 1969, hadi Papa Fransisko alipounda Jimbo la Wote Julai 2023.

Desemba 15, 1994, Papa Yohane Paulo II alithibitisha kwamba Edel aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, hatua inayotangulia kutangazwa mwenyeheri.

Kwa mkulima wa Mwingi au mama wa Kibwezi mwenye shamba, mifugo na watoto, maisha hayo yana funzo lililo karibu. Edel hakungoja apone ndipo asali, wala hakungoja utulivu ndipo atumike. Alianza na saa alizokuwa nazo, akazitunza kwa uaminifu wiki baada ya wiki.