Shaaban Robert na Elimu Ipatikanayo Kazini

Kila mwaka, wanachuo wetu wanapokaribia kumaliza mafunzo, huuliza swali moja. Je, mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa kazi mbali na mji anawezaje kuendelea na masomo mpaka apate shahada, na ipo njia rahisi kuliko ile ya kuacha kazi na kwenda kukaa chuo kikuu kwa miaka mitatu? Swali hili ni la haki. Mwalimu atakayefundisha Saadani, Mkwaja au katika vijiji vya ndani vya Bagamoyo atakuwa na darasa lake, shamba lake na watoto wa kulea, wala hawezi kuvitupa vyote hivyo kwa ajili ya cheti. Lakini neno rahisi lina maana mbili, na mtu azichanganyaye hupotea njia. Ili tuzitenganishe, tumeona heri tueleze maisha ya mtu mmoja wa pwani hii ambaye jina lake linajulikana na kila mwanachuo, ingawa ni wachache waliopata kumfikiri kuwa ni mwanafunzi.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, utawala ulipita mikononi mwa Waingereza, na kijana Shaaban akapelekwa Dar es Salaam kusoma katika shule ya Kichwele. Alikaa huko tangu mwaka 1922 hadi mwaka 1926, akafaulu mtihani na kupewa cheti cha kumaliza shule. Inafaa tukumbuke kwamba mwaka ule ule wa 1922 Makerere, huko Uganda, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, tena kama shule ya ufundi tu. Katika Tanganyika hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja, wala hapakuwa na dalili kwamba kitakuwapo. Kijana Mwafrika aliyemaliza shule katika miaka ile, hata awe na akili kiasi gani, alikuwa amefika ukingoni mwa barabara. Mbele yake palikuwa na ukarani.

Basi Shaaban akawa karani. Mwaka 1926 aliingia Idara ya Forodha, akaitumikia kwa muda wa miaka 18, na sehemu kubwa ya utumishi huo ilikuwa katika mji wa Pangani. Wanachuo wanaoifahamu Pangani wataweza kuuona mji huo kwa macho ya moyo: mto mpana uingiao baharini, majahazi, minazi, na nyumba za mawe zilizopangana ukingoni mwa maji. Kazi ya karani wa forodha ni kuandika na kuhesabu. Huandika chombo kilichoingia, shehena iliyomo, uzito wake na ushuru unaopaswa kulipwa. Na neno moja likikosewa au tarakimu moja ikirukwa, hasara huonekana. Ni kazi ya kumzoeza mtu usahihi, lakini yenyewe haimzidishii elimu. Wengi walioishika kazi ya namna hiyo waliridhika na mshahara wa mwisho wa mwezi, wakazeeka wakijua yale yale waliyoyajua walipotoka shuleni.

Shaaban hakuridhika. Akiwa kazini alijiandikisha kusoma kwa njia ya posta. Hapa twawaomba wasomaji watulie kidogo, maana jambo hili linahusu ufundishaji moja kwa moja. Katika masomo ya posta mwanafunzi hupelekewa somo lililoandikwa, hulisoma peke yake, hujibu maswali yaliyo mwishoni, huyapeleka majibu yake kwa barua, kisha hungoja. Mwalimu yuko mbali, pengine ng'ambo ya bahari. Sahihisho huja baada ya majuma au miezi, wakati mwanafunzi amekwisha kupita somo jingine. Hakuna kengele ya kumwita, wala mwenzake wa kumnong'oneza jibu, wala mwalimu wa kumkazia macho. Kwa hiyo asomaye kwa njia hii hana budi kuwa watu wawili ndani ya nafsi moja: mmoja anayejifunza, na mwingine anayejipima kabla ya sahihisho kufika. Asiyeweza kuwa huyo wa pili hulimaliza fungu la karatasi bila ya kupata kitu.

Ni kweli kwamba njia hii ilikuwa rahisi. Shaaban hakulazimika kuacha kazi, wala kuhama, wala kuitenga jamaa yake. Lakini urahisi huo ulikuwa katika safari, haukuwa katika mzigo. Somo lilibaki na uzito wake wote.

Tena masomo ya posta hayakuwa shule yake ya pekee. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa likipokea mashairi kutoka kila upande wa nchi, na washairi walijibizana humo kwa mizani na vina. Shaaban alipeleka mashairi yake. Kwa mtu anayejifunza kuandika, gazeti la namna hiyo ni mtahini mkali, kwa sababu wasomaji ni wengi, wanaijua kanuni, na hawaoni haya kumwonyesha mtu kosa lake. Kadhalika alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi. Barua za tangu mwaka 1931 hadi mwaka 1958 zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zikatolewa kuwa kitabu. Mkufunzi azisomaye huona kwamba mtu akitaka kujua kama ameelewa jambo, njia iliyo bora ni kumweleza mwingine.

Matunda ya kujisomea huko yalionekana polepole. Mwaka 1942 alifiwa na mkewe, Amina, na katika huzuni hiyo alitunga shairi ambalo hata leo husomwa mashuleni. Alitunga tenzi za kuwaasa watoto wake, mmoja kwa binti na mmoja kwa mwana, maana kwake kulea na kufundisha vilikuwa kitu kimoja. Aliandika utenzi mrefu wa Vita Kuu ya Pili, wenye beti zipatazo 3,000. Mwaka 1947 kilitoka kitabu cha Pambo la Lugha. Mwaka 1952 ilitoka tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam, ambayo aliifanya kutoka katika Kiingereza cha Edward FitzGerald. Tupime jambo hili kwa haki. Mtu ambaye shule yake ilikoma akiwa na miaka 17 alikichukua Kiingereza cha kishairi, kigumu hata kwa wenye lugha yao, akakitia katika Kiswahili chenye vina. Ukitafuta kipimo cha maarifa yake ya lugha mbili, mtihani gani ungekuwa mkubwa kuliko huo?

Lakini kitabu kinachohusu zaidi swali letu ni Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Wanachuo wanaikumbuka hadithi yake. Katika nchi inayoelea hewani, kijana Karama anashtakiwa kwa sababu ya kutaka kufundisha elimu ya sheria. Anapojitetea barazani anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote sita: mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu na chini. Kila mjumbe alipata taabu nyingi, akajifunza mambo yenye faida, akarudi nayo nyumbani; na malipo yake yakawa kifungo. Wengi wamekisoma kitabu hiki kuwa ni lawama juu ya utawala wa kigeni, na usomaji huo ni sawa. Sisi twaona pia jambo la pili ndani yake. Kusadikika ni nchi isiyotaka kupima elimu ambayo mtu ameipata nje ya milango yake. Hawakuuliza mjumbe anajua nini. Waliuliza kwa nini amethubutu kujua.

Shaaban mwenyewe alikataa kuwa na tabia hiyo. Mwaka 1958 yalitolewa maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, kama alivyoyaandika yeye. Siti alikuwa mtoto wa shamba ambaye hakupata elimu ya shule, lakini sauti yake na ufundi wake vilimfikisha mahali ambapo wenye vyeti hawakufika. Shaaban alimtazama mtu huyo, akaona kwamba maarifa yake yastahili kuandikwa kitabuni.

Baada ya kutoka Forodha mwaka 1944, alitumikia idara nyingine mbali na pwani, kisha mwaka 1946 akarudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya Wilaya na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi, hadi mwaka 1960. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akapata tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong na nishani ya Dola ya Uingereza. Shahada hakupata. Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilifungua milango yake Oktoba 1961, katika jengo la TANU mjini Dar es Salaam, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Miezi minane baadaye, Juni 1962, Shaaban Robert alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao. Vitabu vyake vikaingia katika masomo ya chuo hicho, na watu wakapata shahada kwa kuvichambua.

Jambo hilo linatia uchungu, lakini halipaswi kutufanya tuseme kwamba vyeti havina maana. Mwalimu asiye na cheti hapandi cheo, na mshahara wake hubaki pale pale. Kosa la zama zile halikuwa kuweka kipimo, lilikuwa kuweka mlango mmoja tu wa kukifikia kipimo. Wengine walikwisha kuligundua kosa hilo mapema: Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kuwatahini watu ambao hawakusoma ndani yake. Kwetu, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo ya posta mwaka 1972. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi kwa watoto wote, maelfu ya walimu walifundishwa wakiwa vijijini, kwa masomo ya posta, redio na mazoezi ya darasani. Mwaka 1992 ilipitishwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Siku hizi upo pia utaratibu wa kumpima mtu mzima kwa maarifa aliyoyapata kazini ili aweze kuingia chuo kikuu, na masomo huhesabiwa kwa vipimo vidogo vidogo viitwavyo krediti, ambavyo mtu huvikusanya kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tunaweza kulijibu swali la wanachuo. Iko njia rahisi ambayo ni halali: ile inayoondoa vizuizi visivyo vya elimu, kama vile umbali, kuacha kazi, na kurudia jambo ambalo mtu amekwisha kulijua. Mwalimu asione haya kuitafuta. Kabla ya kujiandikisha, aulize ni masomo gani ya stashahada yake yatakayokubaliwa, ni ujuzi gani wa kazini utakaopimwa, na kama chuo chenyewe kinatambuliwa na serikali. Iko pia njia rahisi iliyo haramu: ile inayoondoa elimu yenyewe na kubakiza karatasi. Mwalimu anayemlipa mtu amwandikie zoezi lake amejifanya karani wa forodha anayeandika shehena ambayo haimo chomboni. Siku atakaposimama mbele ya watoto, chombo kitafunguliwa.

Kwa mwalimu atakayesoma akiwa kazini, maisha haya yanatupa taratibu tatu. Kwanza, atenge saa yake ya kila siku, hata ikiwa moja, wala asingoje likizo. Pili, ajisahihishe kabla ya kusahihishwa: akimaliza kujibu, afunge kitabu, akae siku mbili, kisha ayasome majibu yake kama yameandikwa na mwanafunzi wake. Tatu, ampate mtu wa kumweleza alichojifunza, awe mwalimu mwenzake au ndugu aliye mbali. Taratibu hizi hazihitaji fedha, na kila moja yaweza kufundishwa kwa watoto wa darasa la tano.

Jambo la mwisho linahusu watu watakaokuja mbele yetu. Katika kisomo cha watu wazima, mwalimu atakutana na mvuvi anayezijua nyota na mikondo ya maji, na mama anayepima biashara yake ya samaki bila ya kalamu. Tusiwapokee kama Kusadikika ilivyowapokea wajumbe wake. Tuanze kwa kuuliza wanajua nini, kisha tuwafundishe kutokea hapo.