William Fitzwilliam Owen

William Fitzwilliam Owen (Manchester, Uingereza, 17 Septemba 1774 – Saint John, New Brunswick, leo Kanada, 3 Novemba 1857) alikuwa ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza na mpimaji wa bahari. Katika Afrika Mashariki anajulikana kwa mambo mawili: upimaji wa pwani kuanzia 1822 hadi 1826, zikiwemo njia za kuingilia bandari ya Mombasa, na himaya aliyoitangaza mjini humo mwaka 1824 bila kibali cha serikali yake.

Maisha ya awali

Baba yake, aliyekuwa pia nahodha wa jeshi la majini, alifariki Uhindi mwaka 1778. Owen aliingia jeshini mwaka 1788 akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka 1808 alitekwa na Wafaransa akawekwa kizuizini kisiwani Morisi hadi 1810. Huko alifahamiana na Matthew Flinders, mpimaji wa pwani za Australia, ambaye naye alikuwa mfungwa. Kuanzia 1815 alipima Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini.

Upimaji wa pwani ya Afrika

Mwaka 1822 Owen aliondoka Uingereza na meli mbili, Leven na Barracouta. Kazi yao ilikuwa ya polepole. Mashua zilishushwa, mabaharia wakatupa bildi na kuhesabu kina kwa pima, huku maofisa wakipima pembe kutoka vilele na miti iliyoonekana nchi kavu. Kila kina kilipaswa kulinganishwa na kupwa na kujaa kwa maji, kwa kuwa mwamba unaofunikwa asubuhi huweza kuwa wazi alasiri.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Homa iliwashambulia wakiwa Delagoa (leo Ghuba ya Maputo) na sehemu nyingine za pwani. Msafara uliporudi mwaka 1826 ulileta ramani mpya zipatazo 300, lakini zaidi ya nusu ya mabaharia walioanza safari walikuwa wamekufa.

Njia za meli Mombasa

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na maji ya aina mbili za matumizi. Upande wa mashariki na kaskazini mlango wa bahari hupita chini ya Ngome ya Yesu hadi bandari ya kale, palipotia nanga majahazi. Upande wa kusini-magharibi upo mlango wa Kilindini, ambao ni mpana na wenye kina kirefu, kama jina lenyewe linavyosema. Milango yote miwili imekingwa na miamba, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Marubani na wavuvi wa Kiswahili walizijua njia hizo kwa karne nyingi. Upimaji wa Owen uliziweka kwenye karatasi, hata nahodha mgeni akaweza kuzisoma.

Himaya ya 1824

Owen alifika Mombasa tarehe 7 Februari 1824. Liwali Suleiman bin Ali al-Mazrui alikuwa akitishwa na Sayyid Said wa Omani, akaomba ulinzi wa Waingereza. Owen, aliyechukia biashara ya utumwa, alikubali kwa sharti kwamba biashara hiyo ikomeshwe mjini. Mapato ya ushuru yangegawanywa nusu kwa nusu.

Alimwacha Luteni John James Reitz kuwa msimamizi. Reitz alifariki kwa homa mwezi Mei mwaka huohuo. Baadaye James Emery alishika nafasi hiyo hadi 1826. London haikuithibitisha himaya hiyo, kwa kuwa haikutaka kumuudhi Sayyid Said, rafiki yake. Bendera ilishushwa mwaka 1826, na Wamazrui wakabaki peke yao. Mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji.

Miaka ya mwisho

Kuanzia 1827 Owen alisimamia kituo cha Waingereza kisiwani Fernando Po, akaanzisha mji wa Clarence, ambao leo ni Malabo, Guinea ya Ikweta. Habari za safari zake za Afrika zilichapishwa mwaka 1833 katika juzuu mbili. Mwaka 1835 alihamia kisiwa cha Campobello, Kanada, akaendelea kupima Ghuba ya Fundy, yenye tofauti kubwa kabisa ya maji kujaa na kupwa duniani. Mwaka 1854 alipandishwa cheo kuwa makamu admirali.

Urithi

Himaya ya Owen ilidumu miaka miwili tu, lakini njia alizozipima zinatumika hadi leo. Mwishoni mwa karne ya 19 Kilindini ilipokea vifaa vya reli ya Uganda, na leo ndiyo bandari kuu ya Kenya, inayohudumia pia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Hori iliyo ndani ya Kilindini bado inaitwa Port Reitz, na Jumba la Leven katika Mji wa Kale limebeba jina la meli yake.