Marehemu Joseph Murumbi na Hazina Yake

Sisi watu wa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora tukiteremka matatu kule Tom Mboya Street, hatukosi kupita kando ya jumba la Kenya National Archives. Wengi wetu tunalijua kama mahali pa kungojeana tu, basi. Kumbe humo ndani mna hazina ya mtu mmoja, marehemu Joseph Murumbi.

Murumbi alizaliwa mwaka wa 1911. Babake alikuwa Mgoa mfanyabiashara na mamake Mmaasai. Angali mtoto mdogo alipelekwa India kusoma, akarudi kijana katika miaka ya 1930. Alifanya kazi Kenya na Somalia. Mwaka wa 1952 viongozi wa KAU walipotiwa mbaroni, yeye alishika kiti cha katibu mkuu kwa muda. Mwaka uliofuata akatoka nchini na kukaa London hadi 1962.

Huko ng'ambo ndiko alikoanza kununua vitabu vya kale juu ya Afrika. Mapenzi hayo alishirikiana na mkewe, Sheila, aliyekuwa mkutubi.

Kukusanya vya kale si jambo geni duniani. Huko Marekani wako watu wanaosaka miiko ya zamani ya kupakulia chakula, iliyotengenezwa kwa madini ya fedha, sehemu 925 katika kila 1000, na huilipia ghali. Murumbi yeye alisaka vigoda, ngao, vinyago, nguo, shanga na stempu za Afrika. Vitu ambavyo hapa nyumbani vilionekana takataka, na wageni wakivibeba kila siku! Vitabu vyake vilivyochapishwa kabla ya 1900 peke yake vilizidi 8,000.

Serikalini alipanda haraka. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka wa 1964, na Mei 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Mwaka huohuo akajiuzulu. Rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, alikuwa ameuawa kwa risasi Februari 1965, na kifo hicho kilimuumiza sana. Ni watu wangapi huacha cheo kama kile kwa hiari yao?

Baadaye yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa Nairobi, duka na jumba la sanaa. Katika miaka hiyo ya 1970 aliiuzia Serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyo wake, ili vitu hivyo visihame nchi. Makubaliano yalikuwa nyumba iwe chuo cha masomo ya Kiafrika. Wapi! Nyumba iliachwa ikachakaa, mwishowe ikabomolewa. Mzee aliishi kuyaona hayo, na mimi naona lilikuwa deni ambalo hakulipwa.

Alifariki mwaka wa 1990, akazikwa City Park karibu na kaburi la Pinto. Mkusanyo haukupotea. Mwaka wa 2006 ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa pale Archives, orofa ya chini. Vitu vingine viko Nairobi Gallery, katika ile ofisi ya zamani ya PC iliyojengwa 1913. Kutoka Tom Mboya Street ni mwendo wa miguu tu.