Kabla hujazungusha geini yote, mjue Jimi Hendrix

Kama unaishi Laini Saba na una gitaa, iwe ni lako au la kanisa, tabia yako naijua. Stima ikirudi tu, unachomeka pedali, unazungusha geini hadi mwisho, na jirani anaanza kugonga mabati. Unadhani hiyo ndiyo metali. Tulia nikupe stori ya jamaa mmoja.

Jimi Hendrix alizaliwa Seattle, Marekani, Novemba 27, 1942. Kwao doh ilikuwa shida. Wazazi walitengana, na mamake akafariki 1958, Jimi akiwa na miaka 15. Alikuwa akishika ufagio na kuucharaza kama gitaa. Siku moja akimsaidia babake kuzoa takataka, akaokota ukulele yenye uzi mmoja. Akaanzia hapo, uzi mmoja! Gitaa lake la kwanza lilinunuliwa kwa dola 5. Na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, magitaa ya mkono wa kulia aliyageuza juu chini na kuyafunga nyuzi upya.

Shule hakumaliza. Mimi pia chuo niliacha, kwa hivyo hapo sitamhukumu. 1961 alikamatwa ndani ya magari ya wizi, akachagua jeshi badala ya jela. Alipotoka, alipiga gitaa nyuma ya mastaa kama Little Richard kwa pesa kidogo.

Septemba 1966 akapelekwa London. Huko akapata amplifaya za Marshall za wati 100 na pedali ya Fuzz Face. Pedali kama hiyo hukata vilele vya wimbi la sauti, noti inanguruma na kukaa muda mrefu. Sasa sikiliza siri yake: pedali aliiacha imewaka, kisha akapunguza sauti kwa kitufe cha gitaa lenyewe. Akipunguza, noti zinasafika. Akiongeza, moto unarudi. Toni ilikuwa kwenye vidole.

Alifariki London Septemba 18, 1970, akiwa na miaka 27. Umaarufu wake ulidumu miaka minne tu. Mwaka huo huo Black Sabbath walitoa albamu yao ya kwanza, na wapiga metali wengi waliofuata wakapita njia aliyofungua.

Kwa hivyo leo jaribu hivi, msee. Rudisha geini hadi katikati. Usiue sauti za kati, kwa sababu ukizitoa, solo yako itamezwa na besi na ngoma. Piga noti moja, isikilize hadi ife. Kama haieleweki, punguza tena.

Usiseme huna vifaa. Pedali yako ya mtumba na kaspika kako kadogo ni zaidi ya uzi mmoja. Na jirani akigonga mabati, punguza kwa kitufe cha gitaa. Hata Jimi angefanya hivyo.