Sayyid Barghash bin Said na Jumba la Maruhubi

Miongoni mwa watawala waliokalia kiti cha enzi cha Unguja, Sayyid Barghash bin Said ndiye anayekumbukwa zaidi kwa majengo yake. Wengi hulitaja kwanza Beit al-Ajaib. Hata hivyo, maisha ya mtawala huyu yanasomeka vyema zaidi katika magofu ya Maruhubi, kaskazini mwa Mji Mkongwe.

Barghash alizaliwa takriban mwaka 1837, akiwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, Barghash alikuwa pamoja naye merikebuni. Alirejea na maiti, akaizika usiku, kisha akajaribu kutwaa madaraka. Hakufaulu, nduguye Majid akatawala. Mwaka 1859 aliasi tena, akisaidiwa na dada zake Khole na Salme. Wafuasi wake walijiimarisha katika shamba la Marseilles, lakini Majid aliungwa mkono na Waingereza. Barghash alishindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi.

Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash alitawazwa. Mwanzo wake haukuwa mwepesi. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja pamoja na merikebu zake. Mwaka uliofuata, akitishwa kwa manowari za Kiingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria huko Windsor. Katika safari hiyo aliona majumba ya mashambani ya makabaila wa nchi ile, yaliyozungukwa na bustani pana na kuta ndefu. Inaelezwa kwamba kuta hizo ndizo zilizompa wazo la ukuta wa Maruhubi, jumba alilowajengea masuria wake kati ya mwaka 1880 na 1882.

Pamoja na hayo, Maruhubi halikuwa mwigo mtupu. Sehemu ya chini ilikuwa ya mawe na ya juu ya mbao, na nguzo nene zilibeba roshani pana. Palikuwa na hamamu za namna ya Kiajemi, mfereji wa maji, vidimbwi vya mayungiyungi na miembe iliyoletwa kutoka India. Kila ugeni uliingizwa humo ukapewa mahali pake. Wala uzuri huo haukukosa kivuli: mapato ya mtawala yalitegemea sana karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja hadi mwaka 1897.

Wakati bustani ya Maruhubi ikistawi, milki ya mwenyewe ilikuwa ikimegwa. Mwaka 1885 Wajerumani walidai nchi za bara, na Ahmed Simba wa Witu akakubali ulinzi wao. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana maeneo. Barghash aliachiwa visiwa, ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi hadi Kipini, na miji michache ya kaskazini. Mto Tana ukafanywa mpaka wa kaskazini wa eneo la Waingereza. Ndivyo nyika za Bangale, magharibi mwa mto huo, zilivyohesabiwa kuwa upande wao bila ya wakazi wake kuulizwa. Barghash mwenyewe hakushirikishwa katika mapatano hayo. Alitakiwa tu kuyakubali.

Alifariki mwezi wa Machi 1888. Miaka miwili baadaye Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1899 moto ukaliteketeza jumba la Maruhubi. Kilichosalia ni nguzo, hamamu na vidimbwi.

Maisha ya Barghash yanafunza kwamba kuiga cha mgeni si udhaifu maadamu mwigaji ndiye anayechagua. Ukuta wa Maruhubi aliuchagua mwenyewe, akaujenga alipotaka. Mpaka wa mwaka 1886 ulichorwa na wengine, naye hakuwa na nguvu ya kuufuta. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya dola yake.