Charles Ledger na Manuel Incra Mamani, watu walio nyuma ya mti wa kenkina

Mu vilima vya Butembo, Beni na Lubero, wakulima wengi wanajua kenkina, mti ambao maganda yake yanatoa kinini, dawa ya malaria. Jina la Charles Ledger wanalijua wachache, na la Manuel Incra Mamani wachache zaidi.

Ledger alizaliwa London mwaka 1818. Mwaka 1836 alifika Peru, Amerika ya Kusini, akafanya biashara ya sufu ya alpaka na maganda ya kenkina. Mamani, mwenyeji wa Bolivia, alikuwa mfanyakazi wake. Yeye ndiye aliyejua pori: aliweza kutambua mti wenye kinini nyingi na ule usiofaa. Kutoa mbegu nje ya inchi kulikatazwa. Baridi iliharibu maua miaka kadhaa. Mwaka 1865 ndipo Mamani alimletea Ledger mbegu.

Ledger alizituma kwa ndugu yake George, London. Serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi walinunua karibu nusu kilo, wakazipanda kisiwani Java.

Miti ilipokomaa, maganda yake yalikuwa na kinini nyingi kupita aina zingine. Lakini kenkina inachanganyika upesi: unga wa ua la mti dhaifu ukifika kwenye ua la mti bora, mtoto hafanani na mama. Juu ya hiyo, Waholanzi walikata kijiti cha mti bora na kukiunga juu ya mche wa kenkina nyekundu, wenye mizizi ya nguvu. Kijiti kile hakizaliwi na wawili. Ni mti uleule unaoendelea, sawa na chipukizi la mgomba. Java ikashika karibu soko lote la kinini duniani, mpaka Wajapani walipoiteka mwaka 1942.

Mamani hakuyaona hayo. Mwaka 1871 alifungwa kwa sababu ya mbegu, akapigwa vibaya, akafa. Ledger alifilisika. Waholanzi walimpa pensheni ndogo mwaka 1897, naye akafa maskini Australia mwaka 1905.

Kazi ya Mamani ya kuchagua mti bado ina maana kwa mkulima wa leo. Anayeokota mbegu chini ya mti wowote anaweza kungoja miaka mingi, kisha akute maganda hayana nguvu. Anayepanda mche uliounganishwa kutoka mti uliopimwa anajua mapema kile anachongojea.